Ndege wa Mzee Damasi

Shemeji yangu wa Morogoro alinitumia kisa hiki leo asubuhi, nikacheka peke yangu jikoni mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Sasa nakurushia wewe. Soma taratibu, usikimbilie mwisho.

Palikuwa na karani mmoja mstaafu, jina lake Damasi. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, watoto wanaishi mbali, na kutwa nzima mwenzake alikuwa redio. Wiki ilianza ikaisha bila mtu kumwita kwa jina.

Daktari akamwambia, "Mzee wangu, dawa ninazo, lakini unachohitaji ni kutembea. Tena usitembee peke yako."

Ndipo akajiunga na Watembezi wa Jumamosi. Hawa walikuwa watu ishirini na watatu waliopanda milima ya nyuma ya mji kila wiki, wakikatiza mashamba ya maharage na migomba. Wakifika juu wanachemsha chai, wanapiga soga, kisha wanateremka. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Pelajia, aliyefundisha michezo maisha yake yote, mama mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi.

"Karibu sana, Mzee Damasi," alisema. "Sheria yetu ni moja tu. Atakayetamka 'nimechoka' njiani, yeye ndiye atabeba birika mpaka juu."

Birika lenyewe usipime! Lilikuwa la chai ya watu wote hao, jeusi kwa masizi, zito hata likiwa tupu. Siku hiyo Mwalimu alikuwa amejifunga nalo mgongoni kwa kanga, likisubiri mkosaji.

Safari ikaanza. Nusu saa ya kwanza Mzee Damasi alijikaza kisabuni. Kisha njia ikainuka, pumzi ikamwisha kabisa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalitazama lile birika, akameza mate. Akaona haya pia. Kuchoka mbele ya watu siku ya kwanza! Wangemrudisha nyumbani kwenye redio yake.

Ghafla akanyoosha kidole juu ya mti. "Jamani, tulieni! Mnamwona yule ndege?"

Wote wakasimama.

"Yuko wapi?" akauliza Shomvi, mwenye bucha, bonge la mtu.

"Pale, kwenye tawi la pili. Anaitwa... anaitwa bibi harusi wa mgombani. Ni adimu sana."

Pale mtini hapakuwa na ndege wala nzi. Lakini watu walikodoa macho dakika tano nzima, na Mzee Damasi akapata pumzi yake yote.

"Nimemwona!" akasema Shomvi, huku akijifuta jasho. "Ana mkia mrefu huyo!"

Mzee Damasi akashangaa, akaendelea kupanda.

Mambo yakawa hayo kila Jumamosi. Mlima ukikaza, ndege anatokea. Alionekana koo njano, akaonekana shangazi wa mtoni, akaonekana hata mpiga chafya wa kijani. Katibu wa kikundi akawa anawaandika kwenye daftari. Watu wakamzoea mzee, wakawa wanampitia nyumbani alfajiri na kumwita kwa nguvu dirishani, "Mzee Damasi! Mzee Damasi, twende!" Alilipenda lile jina lake likiitwa vile, nakwambia ukweli. Lakini moyoni hakuwa na raha. Aliona anawahadaa wenzake, na siku wakijua, wataacha kumpitia.

Mwezi wa tatu tangu ajiunge, Mwalimu akatangaza habari. "Jumamosi ijayo tunaye mgeni. Ni mtaalamu wa ndege, Dokta Imelda. Amesikia sifa za Mzee wetu, anakuja kuwaona ndege wake."

Wiki nzima Mzee Damasi alitafuta ugonjwa wa kuugua, asiupate. Jumamosi ilipofika walikuja kumwita dirishani kama kawaida, akashindwa kutoitika.

Walipofika kwenye ule mwinuko wa siku ya kwanza, Dokta Imelda alisimama na darubini yake. "Hapa ndipo anapoonekana bibi harusi wa mgombani?"

"Hapa hapa!" akajibu Shomvi. "Ana mkia mrefu, mweusi."

"Mweupe," akasema katibu.

"Wewe ulikuwa unatazama wapi? Mweusi!"

Wakaanza kubishana watu wazima, huyu anasema kifua chekundu, yule anasema hapana, buluu. Mzee Damasi aliwasikiliza mpaka akashindwa. Wenzake walikuwa wanamwapia mtaalamu juu ya kitu kisichokuwepo, na chanzo ni yeye. Akapiga moyo konde.

"Basi, jamani," akasema. "Ndege huyo hayupo. Hajawahi kuwepo, na wale wengine wote pia. Nilikuwa nachoka, nikaona aibu kusema. Mwalimu, nipe birika nilibebe. Tukirudi, nitaelewa msiponipitia tena."

Katibu akalifunga daftari lake.

Shomvi akajitupa kwenye majani. "Mzee, mimi sikuwahi kuona mkia wowote. Nilikuwa naona kizunguzungu. Kila nikikaribia kuzimia, wewe unaleta ndege. Nilikuwa nakuombea dua!"

"Hata mimi," akasema katibu. "Nilikuwa naandika polepole makusudi, tusiondoke."

Mmoja mmoja wakakiri, wote. Dokta Imelda naye akasema alijua tangu mwanzo kuwa ndege hao hawamo kwenye kitabu chochote. Alitaka tu kujua wanaonwaje na watu ishirini na wanne kwa mpigo.

Akabaki Mwalimu Pelajia. Watu wakamgeukia kwa hofu, maana sheria ni yake.

Mwalimu akafungua kanga, akalitua birika chini, akakaa juu ya jiwe. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, sijui ya kicheko au ya uchungu.

"Sheria ile niliitunga kwa ujanja," akasema. "Birika lilinielemea tangu Jumamosi ya kwanza. Nikaona haya kuomba msaada, mimi mwalimu wa michezo. Nikajisemea, nitaweka adhabu, kabla ya wiki kwisha atapatikana mchovu wa kunipokea. Jamani, huu ni mwaka wa sita! Ishirini na watatu nyie, hakuna hata mmoja aliyechoka. Mgongo wangu umekwisha!"

Walicheka mpaka wakulima wa bondeni wakaacha majembe kuwatazama. Shomvi akakata tawi imara, wakalining'iniza birika katikati, wakawa wanapokezana wawili wawili.

Mzee Damasi alisubiri wote watangulie, ashike nafasi yake ya nyuma kama kawaida. Mwalimu akamvuta mkono.

"Unakwenda wapi? Kuanzia leo wewe unatembea mbele."

"Mwalimu, mimi ndiye mchovu kuliko wote."

"Ndiyo sababu. Ukichoka wewe, tumechoka sote. Haya, tuongoze."

Funzo: Usione haya kusema umeelemewa. Huenda umezungukwa na watu wanaosubiri mmoja tu aseme, ili nao wapumzike. Mtumie rafiki yako yule anayejibu "niko poa" kila siku.