Kichupa cha Mize

Hapo zamani palikuwa na Sultani Zahrani, aliyejigamba kwamba pua yake haikosei; na kwa kuwa mji mzima ulikula kwake, ikawa kweli haikosei. Kanzu zake zilifukizwa udi na Makame, miaka tisa, na kila Ijumaa Sultani husema, "Ahsante, Makame, hii hewa ya peponi." Hata siku moja Waziri akamnong'oneza kwamba udi ule umechanganywa na magome. Palepale Sultani akaziba pua. "Kumbe nanuka jiko!" Basi Makame akatiwa gerezani, na udi ni uleule.

Mkewe, Mize, hakuwa na hata bangili ya kuhonga bawabu. Akaenda barazani hivyohivyo.

"Umeleta machozi?" akauliza Sultani.

"La, bwana wangu. Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Niletee kesho harufu isiyopata kunuswa na pua yoyote duniani. Ukishindwa, atafia humo humo."

Kesho yake Mize akaja na kichupa kilichozibwa kwa nta na kuzungushiwa vitambaa saba. Akavifungua kimoja kimoja, taratibu, mpaka watu wakaacha kukohoa.

"Bwana wangu, ulichoniagiza ndicho hiki. Harufu ikimfikia mtu, na ainue mkono. Kwa kawaida huanza mbele."

Akazibua. Waziri akawa wa kwanza. "Asumini! Lakini si asumini ya huku."

"Kuna zafarani kwa mbali," akasema Kadhi, macho kayafumba.

Mikono ikapanda safu kwa safu. Mzee mmoja wa nyuma akapiga chafya tatu, akaomba dirisha lifunguliwe, maana ni kali mno. Sultani naye akavuta pumzi, machozi yakamlenga. "Harusi yangu ya kwanza," akasema.

Mize akakinywa kichupa chote.

"Maji, bwana wangu. Ya kisima cha nyuma ya jiko lako. Harufu yake haijapata kunuswa na pua yoyote, na hata leo haijanuswa. Na hiyo ya jiko katika kanzu yako, nani alikutangulia kuisikia?"

Sultani akamtazama Waziri, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu. Kisha akacheka, kicheko cha mtu asiyekuwa na njia nyingine. Makame akafunguliwa mchana uleule, na kanzu mpya juu.

Nami naishia hapa. Aliyesikia asumini, shauri lake.