Mize na Tikiti la Zimwi

Sogeeni niwape ngano, nanyi nipeni masikio.

Hapo kale Zimwi lilimkuta Athmani akichuma matikiti katika konde la Zimwi hilo, likamfungia ndani ya tikiti maji. Adhuhuri likamletea mkewe Mize tikiti lile mlangoni.

“Mumeo yumo humu. Mtoe kabla jua halijatua. Ukimchubua hata kidogo, ni wangu.”

Mize akanoa kisu. Akaliweka tikiti ubaoni, likabingirika. Akaliweka tena, likabingirika. Mara ya tatu akalishika imara, akakata kipande chembamba ncha hii na ncha ile, kisha akalisimamisha. Likatulia.

“Mume wangu, upo?”

“Nipo. Polepole.”

Akamenya ganda toka juu hadi chini, mpaka weupe ukaisha.

“Upo?”

“Nipo. Polepole.”

Akakata vipande vyembamba pembeni, akavipanga kwenye sinia.

“Upo?”

Kimya. Mize akaweka kisu chini, akalaza kiganja juu ya nyama ile nyekundu. Moyo ulikuwa ukidunda upande wa kushoto. Basi akakata upande wa kulia, na Athmani akatoka mzima, mbegu zimemjaa ndevuni.

“Mbona hukuitika?”

“Kinywa kilijaa tikiti, mke wangu.”

Zimwi likamkagua, lisione hata mkwaruzo, likaenda zake. Majirani wakalizunguka sinia. Mize akainua kisu awakatie. Athmani akamwondolea kisu taratibu, akamkalisha mkekani, akawakatia wageni yeye mwenyewe.

Ngano yangu imefika kwao; nanyi mfike kwenu salama.