Jibini Lililolala kwenye Friza

Barafu hulaza, haiui.

Mlinisikia nikisema hivyo mlipokuwa mnanong'ona hapo mlangoni, wewe Tusekile ukimwambia kaka yako, "Yameshapoa hayo, baba asiambiwe." Sikuuliza ni yapi yaliyopoa. Nilisema methali yangu nikaendelea kumenya viazi, nanyi mkacheka, mkaniuliza barafu na maneno yenu vinahusiana nini. Basi kaeni niwaambie. Lwitiko, kaa vizuri, mbona umeunyoosha huo mguu kama mzee? Methali hii ilianza hivi, tena haikuanzia mbali. Ilianzia humu jikoni, nikiwa mke mgeni katika nyumba hii.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya tatu, na mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Nawaambia waziwazi kwa sababu mmeshakuwa wakubwa. Kila asubuhi nilipoamka nilitia mkono tumboni kabla sijafumbua macho, nikingoja mtoto acheze. Asipocheza upesi, nilijigeuza ubavu mwingine nikangoja tena. Mama mkwe wangu, Bibi Sekela, alijua hofu yangu na alinitunza kuliko mama yangu mzazi. Kuni nzito hakuniachia nibebe, na mtungi wa maji alinipokonya njiani mbele za watu. Msimfikirie vibaya kwa haya nitakayosema. Alinipenda.

Yeye alikuwa fundi wa jibini. Alijifunza ujanani kwa masista wa misheni, na jibini lake lilikuwa likiliwa hadi harusini. Alilitengeneza kwa maziwa yaliyopashwa moto kidogo tu, maana aliamini maziwa yaliyochemka hayagandi sawasawa. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, jina lake Mboni. Na babu yenu alikuwa amenunua friza iliyotumika, ikaendeshwa kwa umeme ambao misheni waliuzalisha mtoni. Hapakuwa na friza nyingine kijijini. Watu walikuja kukifunua kifuniko chake na kuchungulia, kama wanaotazama kaburi.

Basi Mboni akatupa mimba. Ndama alitoka amekufa, na miezi yake ilikuwa haijatimia. Bwana mifugo, Mwasomola, alikuja akamtoa damu, akamwambia mama mkwe, "Maziwa yake yachemsheni yote, na jibini msitengeneze mpaka nilete majibu. Upo ugonjwa wa ng'ombe unaopita kwenye maziwa, na kwa mwenye mimba ni hatari." Mimi nilikuwa shambani. Sikuyasikia hayo maneno, na wakati ule hakuna aliyeniambia.

Lakini jibini moja kubwa lilikuwa limeshatengenezwa kwa maziwa ya siku zile zile. Mtu afanye nini na jibini zuri namna ile? Alitupe? Bibi Sekela alifikiri kama mtu wa milima hii. Ninyi mnaijua sakitu yetu ya Juni na Julai, inavyofunika majani kwa barafu nyeupe hadi jua lipande. Tangu zamani watu wa huku wakisumbuliwa na kunguni, huanika mablanketi nje sakitu ikianguka, na asubuhi wakiyakung'uta, kunguni huanguka wakavu. Mama mkwe akasema moyoni kwamba friza ni sakitu ya ndani ya nyumba. Kama sakitu ya nje inaua kunguni mwenye miguu, hii ya ndani itashindwaje kuua kidudu kisichoonekana? Akalikata jibini vipande, akavifunga kwa nailoni, akavilaza chini kabisa chini ya nyama. Vikakaa humo msimu wote wa baridi.

Jua liliporudi nikashikwa na hamu ya kitu chenye chumvi. Mama mkwe akafurahi. Akatoa kipande, akakiacha mezani kikayeyuka. Jibini lililotoka kwenye barafu halikatiki vizuri, linamomonyoka, kwa hiyo alinimwagia juu ya viazi vya moto. Nikala, nikaomba tena. Akaniongeza kwa mkono wake.

Siku chache baadaye Mwasomola akaleta majibu, yaliyokuwa yamekawia maabara. Mboni alikuwa na ule ugonjwa. Akauliza kama lipo jibini lililobaki.

"Lipo kwenye friza," mama mkwe akasema. "Hilo halina neno, limeganda kama jiwe. Ugonjwa umeshakufa."

"Nani kakuambia, mama? Barafu haiui ugonjwa huo. Inaulaza tu. Jibini likiyeyuka, nao unaamka."

Niliwaona wakizungumza zizini, maneno sikuyasikia; mama mkwe alinisimulia baadaye. Nilichokiona ni mama mkwe kuingia jikoni bila kunitazama, kuvitoa vipande vyote na kwenda kuvifukia nyuma ya choo, akivimwagia mafuta ya taa. Nilipomuuliza, alisema jibini limeota ukungu. Halafu akalitazama tumbo langu. Akalitazama muda mrefu, hata nikavuta kanga.

Tangu hapo hofu iliingia nyumbani nami sikujua imeingilia mlango gani. Mama mkwe aliacha kuimba akikamua. Alikuwa akinishika paji la uso nikiosha vyombo. Aliniuliza mtoto amecheza, na nikijibu ndiyo, baada ya kitambo kidogo aliuliza tena. Nikaanza kuogopa kwa kumwona yeye anaogopa. Nilidhani ameota ndoto mbaya kuhusu mtoto na hataki kunieleza.

Kisha homa ikaja. Ilikuja jioni na kuondoka asubuhi, ikaniacha nimelowa jasho, viungo vyote vinauma. Zahanati wakanipa dawa za malaria. Malaria, huku juu ambako mbu wenyewe wanaogopa baridi! Nikazimeza, homa ikarudi pale pale. Ndipo asubuhi moja nikatia mkono tumboni, nikangoja. Nikalala ubavu wa kushoto, nikangoja. Nikanywa maji ya baridi. Mtoto hakucheza.

Tulipanda lori la viazi hadi hospitali ya wilaya, mama mkwe amenishika mkono njia nzima. Daktari akapima tumbo akasema mapigo ya mtoto yapo, ila ni dhaifu.

"Maziwa mnachemsha nyumbani?" akauliza.

"Tunachemsha," nikajibu, maana ndivyo nilivyojua.

"Basi itakuwa malaria sugu." Akavuta karatasi, akaanza kuandika dawa.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Daktari, usiandike kwanza," akasema. "Huyu amekula jibini la maziwa mabichi. Ng'ombe ana ugonjwa. Mimi ndiye niliyemlisha."

Daktari akaweka kalamu chini. "Lini?"

"Zamani kidogo. Lilikuwa kwenye friza, nikadhani barafu imeua ugonjwa, kumbe bwana mifugo anasema inaulaza tu. Nilijua, nikanyamaza."

Sikugeuka kumtazama. Ningegeuka, sijui ningefanya nini. Walinitoa damu, wakanibadilishia dawa, wakanilaza wodini. Mama mkwe alilala sakafuni chini ya kitanda changu, na mimi sikusema naye. Mtoto akiwa kimya niliona kila mtu wodini ni adui, na yeye wa kwanza. Homa ilikatika polepole. Hatimaye, asubuhi moja nikinywa uji, nikapigwa teke la ubavu hadi kikombe kikamwagika. Nililia. Na chini ya kitanda nikasikia mwingine analia.

"Mama," nikamwita, mara ya kwanza tangu tufike. "Kwa nini ulininyamazia?"

"Niliogopa utanichukia, mwanangu. Nikadhani nikilinyamazia, litakufa lenyewe."

"Si Mwasomola alikuambia? Barafu hulaza, haiui."

Yeye ndiye aliyeyachukua maneno hayo akayapeleka kisimani, kanisani na msibani. Kila aliposikia mtu anasema neno fulani limekwisha kwa kuwa halitajwi, aliyasema, na hakuficha aliyapata wapi. Kijiji kikayachukua kwake. Mtoto alizaliwa mdogo, akilia kwa hasira. Ndiye baba yenu, na leo anarudi mapema.

Mbona mmetulia hivyo? Lwitiko, huo mguu una nini?

Pandisha suruali. Pandisha, mimi nimeshaona mengi.

Hizi ni alama za meno. Kidonda kimefunga, naona, na ngozi imerudi. Mbwa wa nani? Hamumjui. Alikuwa anatokwa na mate, akapita zake, nanyi mkaogopa kuchapwa kwa sababu mlikatazwa kwenda machimboni. Tangu wiki iliyopita. Sichapi mtu mimi, wala baba yenu hatachapa. Acheni hivyo viazi. Tusekile, niletee sabuni na maji tuuoshe mguu, kisha mkimbilie baba yako barabarani, umwambie yote, hata mate ya mbwa. Lwitiko, vaa viatu. Twende hospitali sasa hivi, sindano ya kichaa cha mbwa ipo na bado tuna muda.

Usiniambie kidonda kimepona, mjukuu wangu. Barafu hulaza, haiui.