Mguu wa Kicheche

Paukwa!

"Pakawa!"

Sauti zenu zina njaa. Paukwa!

"PAKAWA!"

Ehe! Na wewe Mwanakombo, acha kuchokoa moto, usikilize.

Palikuwa na Kicheche, mdogo, meno yenyewe hayajamaliza kuota. Siku moja akaingia kichakani kwa mama Kanga, akakuta mayai sita. Akayala.

"Yote?"

Yote! Kanga alilia mpaka sauti ikamkauka. Mfalme Nyati akahukumu. Sheria yao ilikuwa hivi: mkosaji anakanyaga udongo mbichi, udongo unaanikwa barazani, na mwenye mguu ule hatoki shimoni maisha. Kicheche akakanyaga. Alama yenyewe utadhani kifungo cha shati!

Shimoni alilia, kisha akaona haya. Kobe, mlinzi wa shimo, akamtupia ukindu, akamfundisha kusuka. Kikapu cha kwanza kilikwenda upande, lakini Kicheche akasema, "Babu Kobe, mpelekee mama Kanga atagie humo. Mwambie nimemkosea."

Kanga akakipiga teke. Kobe akaenda kumwombea Kicheche kwa mfalme. Nyati akafoka, "Aliyekosa ni yule yule, na shimo ni lile lile!"

Miaka ikapita. Kicheche akasuka kikapu cha pili, kizuri. Kanga akakitazama, akakipa mgongo. Lakini mvua zilipoanza, akatagia humo humo! Kobe akaenda tena kwa mfalme. Nyati akasemaje?

"Shimo ni lile lile!"

Miaka ikapita tena, Kicheche akawa mtu mzima. Akasuka kikapu cha tatu, chenye mfuniko, Kanga afunike akienda kula. Nyoka akaja, akazunguka, akashindwa, akaondoka na njaa yake. Vifaranga sita wakaanguliwa salama.

Kanga akafunga safari mpaka barazani, wanawe nyuma. "Mfalme, mayai yalikuwa yangu, uchungu ni wangu. Leteni ule udongo. Kicheche naye aje akanyage."

Kicheche akatolewa, jua linamuumiza macho. "Kosa nililifanya mimi," akasema, "sikatai." Akaweka mguu. Hauingii! Akausukuma. Hauingii! Kidole kimoja tu kilijaza alama yote.

"Mlifunga mtoto," Kanga akasema. "Mtoto huyo yuko wapi leo?"

Nyati akatazama udongo, akatazama mguu, akainamisha pembe. "Shimo ni lile lile," akasema polepole, "lakini mguu si ule. Kicheche, nenda nyumbani."

Weee! Vigelegele! Kicheche akabebwa juu juu, analia na kucheka. Hata Kobe alicheza. Kobe!

"Na shimo je?"

Kobe alilifukia mwenyewe, akapanda mkindu juu yake.

Basi wanangu, mtoto akikosa tumrudi, tumfunze. Akishakua akatengenea, tumfungulie.

Ngano nimeifunga, Kicheche nimemfungua. Haya, nawieni mikono, ugali umeiva.