Tendegu la Nne

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii nimeibeba peke yangu vya kutosha, leo nataka mnitue.

Bi Mwanakheri alikuwa mke wa mkereza, fundi wa kuchonga mbao kwa kuzizungusha, na alijaliwa watoto watatu. Lali alijua miti. Akigonga gogo kwa kidole, hukwambia kama moyo wake ni mzima. Mwanashali alikuwa na mkono wa patasi. Famau, kitindamimba, alijua kumalizia, na kitu akikisugua yeye, hutataka kukiweka chini.

Baba yao aliwakerezea matajiri vitanda umri wake wote, huku mkewe akilala kwenye kitanda cha miguu ya mabaki, isiyofanana. Uzeeni akaona haya, akaanza kumtengenezea chake. Matendegu matatu, ndiyo miguu ya kitanda, yakaisha. Kabla ya la nne, maradhi yakamwangusha. Akawaambia wanawe, "Atakayelimaliza ndiye mwenye kerezo langu."

Katika mji ule kila nyumba ilikuwa na kerezo moja tu, chombo cha kuzungushia mti unapochongwa, na halikugawanywa. Asiyelipata alibaki kumvutia mwenzake kamba ya kulizungusha, maisha yake yote.

Walipokwisha kumzika, walikuta mti aliouweka kwa tendegu la nne umepasuka. Lali akatafuta wa kufanana nao, asiupate. Mwisho aling'oa mwimo wa mlango wa nyumba yake, uliotoka kwenye shina lile lile.

"Na nyumba utaifungaje, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Tutatundika jamvi, mama."

Mwanashali akaufunga mti kwenye kerezo. Aliyapapasa yale matatu, akagundua kila moja lina mfuo, mstari wa kuchongwa, uliopinda kidogo shingoni, kwa sababu mkono wa baba ulishaanza kutetemeka. Kaka yake akamwambia aunyooshe. Akakataa. "Nikiunyoosha litakuwa langu, si lake," alisema. Akaupinda vile vile, machozi yakimtoka na mkono umetulia.

Famau akalipokea. Katika kulisugua kwa majani ya msasa aliona ufa mwembamba ambao wenzake hawakuuona, na ungelivunja tendegu siku mama atakapoketi. Akauziba kwa gundi na unga wa mbao. Kisha akalizungusha kerezoni na kuligandamizia lakiri, nta ya kung'arishia, ikayeyuka kwa joto la msuguano. Majani ya kusawazishia yaliacha mikwaruzo, basi akaisawazisha lakiri kwa kiganja kitupu. Ngozi ikababuka, naye hakuacha mpaka likang'aa.

Kitanda kikasimama. Bi Mwanakheri akapita akigusa mguu mmoja mmoja, asijue upi si wa mumewe. Akaketi, akalia sana, na wanawe wakamwacha alie.

"Sema, mama," Lali akaanza. "Bila mti wangu wangekereza nini?"

"Mti hata kuni ni mti," Mwanashali akasema. "Nani aliyeutia pale mkono wa baba, kama si mimi?"

Famau akakificha kiganja chake nyuma. "Baba alisema atakayelimaliza," alisema taratibu. "Nani alikuwa wa mwisho kuligusa?"

Mama akawatazama. Alijua akimtaja mmoja, wawili watamvutia ndugu yao kamba na kinyongo rohoni. Asipomtaja yeyote, kerezo litaliwa na mchwa, na kazi ya mumewe itakuwa imezikwa naye.

Bado ameketi pale juu ya kitanda chake, nao wamesimama mbele yake wakingoja. Nami nimefika mwisho wa ninalolijua. Je, wewe ungekuwa ndiye mama yao, ungemtaja nani, na wale wawili ungewatazama vipi?