Jembe la Mwidani

Watu wa pwani hawana desturi ya kumwambia mtu "toka". Ni neno zito, na anayelitamka hujivunjia heshima yeye mwenyewe kabla hajamvunjia mwenziwe. Lakini kufukuzana kupo, tena kwingi. Mtu hukaribishwa kwa mdomo bila kuonyeshwa pa kukaa, huitwa sahani zikishaoshwa, hutumwa dukani mazungumzo yanapoanza kunoga. Mwenye macho huziona dalili hizo, akajiondokea mapema na heshima yake mkononi. Mwidani Matano wa Mbuta, huko Likoni, hakuwa mjinga hata kidogo. Ubaya wake ni kwamba alikuwa mtu wa kungoja aambiwe.

Kibanda chake cha vipuri vya baiskeli kilikuwa kando ya barabara iendayo kivukoni. Hapo ndipo alipojuana na Elkana, kijana kutoka bara aliyekuwa karani katika bohari moja ya Changamwe. Siku hiyo Elkana alifika akiikokota baiskeli yake, gurudumu limepinda na goti linamvuja damu. Trela lilikuwa limembana mpaka akatumbukia mtaroni.

"Wallahi, ndugu yangu, mtakwisha huko kwenu," Mwidani alimwambia huku akikaza spoki. "Kwani lazima mshindane na matrela? Njoo Jumapili nikupitishe mahali ambapo hutasikia hata honi."

Jumapili akampitisha. Waliiacha lami nyuma yao, wakashika njia za udongo mwekundu na changarawe zinazopinda katikati ya minazi na mikorosho. Wakateremka bonde la mpunga, wakapanda hadi nyika ya nyasi fupi, ambako kwale waliruka kutoka vichakani kwa kelele. Mbele yao kulikuwa na msitu wa kaya, mahali patakatifu pa mababu, mweusi kwa kivuli, nao wakauzunguka ukingoni mwake hadi ng'ambo. Katika safari nzima walipishana na mwanamke mmoja mwenye kuni na mbuzi wake. Elkana alishuka akavua kofia, machozi yakimlengalenga. Alisema hajapata kuendesha baiskeli bila woga tangu aje Mombasa.

Siku hiyo wakawa chanda na pete. Elkana alimleta Dancun, Dancun akamleta Lynnette, na Lynnette akaleta wenzake wa kiwandani. Wakajiita Chama cha Njia Tulivu.

Sasa, njia zile hazikuwa mali ya umma. Zilipita ndani ya mashamba ya watu, nyingine karibu kabisa na vizingiti vya nyumba, na kwa watu wa Mbuta njia ya namna hiyo haiuzwi, huombwa. Kwa hiyo Mwidani alichukua kahawa na sukari, akaenda kwa Mzee Tinga, mlinzi wa kaya, na kwa shangazi yake Mwanasaumu, ambaye shamba lake ndilo lililobeba sehemu kubwa ya njia. Mzee Tinga alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hao watu wako hatuwajui, Mwidani," alisema. "Tunakujua wewe. Basi na wapite nyuma yako. Mlangoni pa watu washuke, waamkie. Na gurudumu lisiingie ndani ya kaya, waizunguke tu. Wakikosea, sisi hatutamwendea mtu Changamwe."

"Nimekubali, mzee. Neno langu ndilo hilo."

Huo ndio uliokuwa mzigo wake, na aliubeba kwa furaha. Kila Jumapili aliwatangulia. Wakikaribia nyumba alipiga kengele mara moja, nao wote wakashuka, wakasukuma baiskeli zao wakisema shikamoo kulia na kushoto. Wazee waliitikia marahaba, na watoto wakacheka zile nguo za kubana. Mbuta nzima ikamwona Mwidani kuwa mtu.

Chama kilipokua, adabu ilianza kuwachosha wenye haraka. Elkana alikuwa amenunua baiskeli mpya ya matairi mapana, nyepesi kama ungo, na kushukashuka kila mlango kulimkera.

"Boss, leo kaa nyuma kidogo uwaangalie waliochoka," alimwambia Mwidani asubuhi moja. "Sisi wenye mwendo tutatangulia tu, usijali."

Mwidani akakaa nyuma. Alijiambia kwamba mchungaji naye hukaa nyuma ya mifugo. Kisha zikaja jezi za chama, za kijani, zimeandikwa jina mgongoni. Kila mmoja alipata yake isipokuwa Mwidani. Lynnette alimwambia kwamba yake inakuja. Ilikuwa inakuja wakati wa mahindi, na mpaka mihogo inang'olewa ilikuwa bado inakuja. Yeye akaendelea kuvaa shati lake la zamani na kuwatengenezea minyororo iliyokatika, akicheka pamoja nao hata pale alipochekwa yeye.

Masika yalipoisha, njia ikamea nyasi. Elkana alikuja kibandani na zawadi iliyofungwa gazetini: jembe jipya na panga.

"Chama kimekukumbuka, Mwidani. Ukipata nafasi katikati ya wiki, utufyekee pale bondeni. Wewe ndiwe mwenyeji."

Maskini, alifurahi! Aliliweka lile jembe begani, akapita nalo kwa shangazi yake kulionyesha, kama mtoto aliyeshonewa kanzu ya Idi. Bi Mwanasaumu alikuwa akikuna nazi. Alilitazama jembe, akamtazama mpwa wake, na mkono wake ukasita juu ya mbuzi.

"Mwanangu, mgeni siku mbili. Ya tatu hupewa nini?"

"Hupewa jembe, shangazi," Mwidani alijibu akicheka. "Lakini mimi si mgeni. Njia ni zetu."

"Ndiyo maana naona ajabu. Nenda kwa Mzee Tinga leo, umwambie neno lako umelirudisha. Mwambie hao watu huwatangulii tena."

"Shangazi nawe! Hakuna aliyeniambia kitu."

"Na hawatakwambia," alisema Bi Mwanasaumu, akarudi kwenye nazi yake.

Hakwenda kwa Mzee Tinga. Alikwenda bondeni akafyeka kwa siku nyingi, viganja vikamtoka malengelenge. Wakati huo huo kundi la chama kwenye simu likawa kimya. Awali lilikuwa likilia kutwa nzima kama vifaranga, sasa hata salamu ya asubuhi haikuonekana. Mwidani alidhani watu wana kazi nyingi bandarini. Halikumjia wazo kwamba wamefungua kundi jingine na kumwachia lile tupu alilinde.

Jumapili iliyofuata alingoja kibandani, mahali walipozoea kukutana. Feri zilikuja na kurudi. Jua lilipokuwa kali alichomeka panga kiunoni, akapanda baiskeli yake akaenda peke yake, na alipofika mwanzo wa njia akakuta alama mpya za matairi zimeuchora udongo, nyingi, zimepishana. Walikuwa wamepita muda si mrefu kwa upande wa Mtongwe, wasifike kibandani kwake. Alizifuata. Katika uwanja wa nyumba ya kwanza, kikongwe mmoja alikuwa akiokota mchele wake ardhini, ungo umepinduliwa. Mwidani alimwamkia, na yule kikongwe hakuitikia.

Kwenye ukingo wa kaya, pale njia inapokata kushoto, alama hazikukata kushoto. Ziliingia moja kwa moja.

Mwidani aliiangusha baiskeli, akavua viatu, akaingia kwa miguu mitupu. Majani yaliyolala humo tangu enzi za mababu yalikuwa yamechimbuliwa. Kwenye miti ambayo hata mtu wa Mbuta hathubutu kuivunja kijiti, vibao vyenye mishale vilikuwa vimepigiliwa misumari. Katikati ya uwazi Elkana na wenziwe, katika jezi zao za kijani, walikuwa wakipiga picha na kundi la wageni waliotoka Nairobi.

"Elkana! Ni nini hiki? Si mnajua hapa hapapitwi?"

Elkana alionekana kuona haya kidogo, lakini wageni walikuwa wakimtazama. "Kuzunguka kunapoteza muda, ndugu. Ni miti tu hii. Hatujaumiza mtu."

"Mbona hamkuniambia kama hamnitaki? Ningejua. Ningemwendea mzee mapema!"

"Nani amesema hatukutaki?" Elkana aliuliza kwa sauti ya upole. "Wewe ni mtu wetu. Hakuna aliyekufukuza, Mwidani."

Kisha akapanda baiskeli, na wenziwe wakamfuata. Mwidani alibaki anang'oa misumari kwa panga lile lile alilopewa, akilia kwa uchungu na kwa hasira, hasira yenyewe zaidi juu ya nafsi yake.

Mzee Tinga hakumwendea mtu Changamwe. Mwidani alitakiwa kutoa mbuzi mweusi na kaniki ili kaya isafishwe, naye alitoa bila kubishana. Mbuzi alipokewa, Mwidani hakupokewa. Siku ya kusafisha alisimama na wanaume wenzake, lakini nyama ilipogawanywa mkono wa mgawaji ulimruka kwa ustadi, kama anayeruka dimbwi. Barazani kahawa ilimfikia birika likiwa limebaki na masimbi matupu ya chini. Kengele yake ilipolia mlangoni pa mtu, watoto waliitwa ndani. Njia za mashambani zikafungwa kwa matawi ya miiba, na wa Changamwe walipozikuta hivyo walitafuta mahali pengine pa kuchezea. Wao walikuwa na kwingine.

Mwidani alivumilia, akisema moyoni kwamba damu nzito kuliko maji. Ukafika msimu wa kuangua nazi katika shamba la shangazi yake. Miaka yote yeye ndiye aliyetumiwa ujumbe wa kwanza. Safari hii aliona mikokoteni ya nazi ikipita mbele ya kibanda chake ndipo akajua kwamba kazi imekwisha. Alifunga kibanda, akachukua jembe kama mtu anayekwenda kusaidia, akafika.

"Hodi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," alijibu Bi Mwanasaumu.

Alisema karibu, lakini alisimama katikati ya mlango, mkono mmoja umeshika mwimo. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kuegemezwa ukutani nyuma yake. Uso wake ulikuwa wa huzuni. Alikuwa mjane, aliyezungukwa na majirani hao hao, na shamba lake lilihitaji mikono yao.

"Shangazi," Mwidani aliuliza, "hata wewe umenifukuza?"

"Nani amekufukuza, mwanangu?"

Yalikuwa maneno yale yale, na upole ule ule. Safari hii Mwidani aliyasikia barabara. Aliliegemeza jembe ukutani kando ya mkeka, akasema alikuwa anapita tu kumwamkia.

Kabla ya mwezi kuandama, kibanda cha vipuri kilikuwa kitupu. Mwidani alipata chumba huko Utange, kwa mtu ambaye hakujua kwao wala kisa chake. Asubuhi aliyohama alifunga kisanduku chake nyuma ya baiskeli, akavuka kivuko, akashika barabara kuu kwa sababu nyingine hakuwa nayo. Matrela yalimbana kwenye mtaro, yakimpigia honi kwa nguvu asikilize, asogee, aondoke njiani. Hayo angalau yalimwambia. Binadamu hana honi: akufukuzaye hakwambii toka.