Chaja Moja ya Lwangulo

Aliyejaa achomoe. Mmenisikia nikimwambia hivyo mjomba wenu, anayegombea uenyekiti wa kwaya kwa muhula wa nne, mkacheka, kisha mkaniuliza nimeutoa wapi msemo huo. Msidhani tumeuazima. Ni wetu, wa hapa hapa Lwangulo, na methali hii ilianza hivi.

Kituo cha kuchajia magari kilipofunguliwa pale sokoni, kilikuwa na waya mmoja tu. Mmoja, lakini barabara nzima ya mlimani haikuwa na mwingine, nasi tulitembea vifua mbele. Tukakitunza kama jiko la nyumbani. Na kwetu, mnajua, mtu haepui chungu cha mwenzake. Hata kikiiva, unamwita mwenyewe aje aepue. Basi na kwenye chaja ikawa hivyo hivyo. Hakuna aliyethubutu kuchomoa gari la mwingine.

Siku moja mjomba wangu, Mzee Mwakyoma, alichomeka gari lake akaenda kwa akina Ambakisye kumposea mpwa wake. Taa ikageuka kijani, gari limejaa, mwenyewe yuko ukweni. Na mshenga akishaketi hanyanyuki mpaka mazungumzo yaishe. Akitoka katikati, amemkataa binti.

Mara akafika kijana mgeni, gari lake likijikokota. Mama yake alikuwa akizikwa alasiri ile, kijiji cha mbali huko bondeni, naye ndiye mtoto wa pekee. Basi la mwisho lilikuwa limeshapita. Aliitazama taa ya kijani, akawatazama watu, na watu wakatazama chini. Nilimwonea huruma.

Tusekile, aliyekuwa akiuza chai ya tangawizi pale kituoni, akajifuta mikono akaenda. Alipofika ukweni alipiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, baba. Chungu chako kimeiva."

"Marahaba. Tusekile, huoni nimekaa na nani?"

"Naona, baba. Lakini kuna mtoto wa watu kituoni anataka kuwahi kumtupia mama yake udongo, na mkono wa kuchomoa ni wako."

Mzee Mwakyoma akanyanyuka. Kisha akachukua kofia yake akatoka. Alichomoa kwa mkono wake, akachomeka gari la mgeni kwa mkono ule ule, akatugeukia sote tuliosimama pale.

"Kuanzia leo, aliyejaa achomoe. Na asipokuwepo, mchomoleeni."

Aliporudi ukweni akakuta wenyeji wote wamesimama, akajua posa imevunjika. Akaanza kuomba radhi, lakini baba wa binti akamkatiza.

"Keti, mshenga. Tumesimama kwa heshima yako. Ukoo unaomjali mgeni asiyemjua hautamtesa mwanangu."

Yule kijana alilikuta kaburi likiwa bado wazi. Siku hizi kituo kina nyaya nyingi, na madereva wa mbali huambiana kwamba ukifika Lwangulo hukwami. Mimi nikisikia hivyo, huwa nanyoosha shingo.

Na yule mpwa aliyeposewa ni baba yenu. Binti ni mama yenu. Msingekuwepo hapa kunisumbua na maswali kama mzee yule angeng'ang'ania kiti. Kwa hiyo mjomba wenu akija kesho na habari za uenyekiti, mwamkieni kwanza, mumpe chai, halafu mwambieni kwa heshima zote: aliyejaa achomoe.